Maana ya Tepe za Askari, na Jinsi ya Kuzisoma

Katika nyumba nyingi za nchi zetu za Afrika ya Mashariki hupatikana, ndani ya sanduku au ukutani, picha ya mzee aliyekuwa askari zamani. Picha yenyewe aghalabu imefifia. Mzee amesimama wima, kofia kichwani, na mikononi mwake mwaonekana mistari iliyoshonwa juu ya nguo. Wajukuu huulizana, "Babu alikuwa nani katika jeshi?" Mmoja huhesabu mistari, kisha husema, "Alikuwa mkubwa sana, maana anayo minne." Mwingine hujibu, "La, ile ni pambo tu." Hapo hapana ajuaye kweli, na mzee mwenyewe amekwisha kufariki.

Basi, kuuliza si ujinga. Mistari ile, ambayo askari wenyewe huiita tepe, ni maandishi, na kila maandishi yana kanuni yake ya kusomwa. Twataka kuieleza kanuni hiyo hapa, ili waalimu wapate kuwafundisha watoto, na machifu na wazee wa vijiji wapate kuamua mambo ya heshima bila kumdhulumu mtu.

Neno la kwanza la kushika ni hili: si kila tepe ni tepe ya ukubwa. Ziko tepe za amri, ziko tepe za miaka, ziko tepe za mwenendo mwema, na iko tepe ya damu. Mtu atakaye kuzisoma asianze kwa kuhesabu. Kwanza na atazame mahali iliposhonwa tepe, je, ni juu ya kiwiko au chini yake, na ni mkono wa kuume au wa kushoto? Pili, atazame ncha yake, je, yaelekea chini kama herufi V, au yaelekea juu kama paa la nyumba? Tatu, atazame umbo na rangi. Kuhesabu ni jambo la mwisho. Mwenye kuhesabu kabla ya kutazama atamwita askari wa kawaida mkubwa, na mkubwa atamwita askari wa kawaida.

Asili ya tepe hizi, kwa majeshi yaliyopita katika nchi zetu kwa upande wa Waingereza, ni amri iliyotolewa katika jeshi la Uingereza mwaka 1802. Kabla ya mwaka ule wasimamizi wadogo wa askari walijulikana kwa vifundo vya kamba mabegani na kwa alama nyinginezo. Mwaka 1802 iliamriwa wavae tepe mikononi: koplo mbili, sajini tatu, na sajini meja nne. Umbo lenyewe lilikuwa la zamani zaidi, kwa kuwa wakuu wa Ulaya walikuwa wakilichora juu ya ngao zao karne nyingi kabla ya hapo. Kwa Kifaransa huitwa kwa jina la makombamoyo, yaani ile miti ya paa. Maana miti miwili ikutanapo katika mgongo wa nyumba hufanya umbo lile lile. Waingereza wakaligeuza, ncha ikawa chini.

Faida ya kuiweka alama mkononi ni rahisi kuifahamu. Katika vita vya siku zile bunduki zilitumia baruti nyeusi, na moshi wake ulikuwa mzito kama ukungu. Afisa akianguka, askari hawana nafasi ya kuuliza ni nani afuataye. Hutazama mkono wa aliye karibu nao, wakaona tepe, wakajua sauti ya kuifuata. Kwa hiyo tangu mwanzo tepe haikuwekwa ili mtu apendeze. Iliwekwa ili watu wasipotee saa ya hatari.

Sasa tueleze tepe za amri. Katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na kujulikana kwa watu wengi kwa jina la KAR, kanuni ilikuwa ya Kiingereza. Tepe za amri zilishonwa juu ya kiwiko, ncha chini. Askari wa kawaida hakuwa na tepe. Tepe moja ilikuwa ya lansi koplo, mbili za koplo, tatu za sajini. Aliyekuwa na tepe tatu na taji juu yake alikuwa sajini wa daraja ya juu zaidi, na mara nyingi ndiye aliyetunza vifaa na posho ya kombania.

Baada ya hapo tepe zilikwisha. Sajini meja wa kombania hakuvaa tepe, bali taji chini ya kiwiko, taji peke yake au taji lililozungukwa na shada la majani. Na sajini meja wa kikosi kizima alivaa ngao ya ufalme mahali hapo hapo. Wakati wa joto, mikono ya shati ilipokunjwa, alama hiyo ilifungwa kwa mkanda wa ngozi juu ya kifundo cha mkono. Basi ukiona katika picha ya zamani mzee asiye na tepe hata moja, lakini ana mkanda mpana wa ngozi mkononi wenye alama ya taji au ya ngao, usiseme, "Huyu alikuwa askari tu." Huenda ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote waliosimama naye.

Maafisa nao hawakuonyesha vyeo vyao kwa tepe za mikononi. Alama zao zilikuwa mabegani: nyota moja ya luteni usu, mbili za luteni, tatu za kapteni, na taji la meja. Hivyo taji la begani na taji la mkononi ni mambo mawili mbalimbali, wala yasichanganywe.

Yafaa tujue pia kazi iliyokuwa nyuma ya kila tepe, kwa sababu cheo bila kazi ni jina tupu. Katika vita vya 1939–1945, kundi dogo la vita la askari wa miguu, liitwalo seksheni, lilikuwa na watu wapata 10, na mkuu wake alikuwa koplo. Lansi koplo alimsaidia, na aghalabu ndiye aliyesimamia bunduki ya rashasha ya seksheni. Seksheni tatu zilifanya platuni moja, yenye watu zaidi kidogo ya 30, na sajini alikuwa wa pili wa platuni ile. Kwa hiyo tepe mbili maana yake ni kwamba mtu huyu aliulizwa habari za watu 10. Je, wamekula? Miguu yao ni mizima? Bunduki zao ni safi? Mlinzi wa usiku ni nani, naye yu macho? Mmoja akikosekana asubuhi, wa kwanza kuulizwa ni koplo. Askari wa kawaida alijibu kwa ajili ya nafsi yake. Mwenye tepe alijibu kwa ajili ya wengine.

Tena tepe haikuwa mali ya mtu. Tepe moja ya lansi koplo, kwa sheria za Kiingereza za siku zile, ilikuwa kama kitu cha kuazimwa: mkuu wa kikosi aliweza kumpa mtu leo na kumwondolea kesho bila baraza la hukumu. Koplo na sajini walilindwa zaidi na sheria, lakini wao pia waliweza kushushwa kwa ulevi, kwa wizi, au kwa kuacha zamu. Sisi tulio makarani twaweza kuifananisha tepe na muhuri wa ofisi. Muhuri ukipigwa juu ya barua, barua ina nguvu. Lakini nguvu ile haikutoka katika wino, wala haikutoka kwa karani aliyeupiga. Siku karani aondokapo ofisini, muhuri hubaki mezani.

Sasa tuziangalie tepe zisizo za amri, ambazo ndizo zinazowapoteza watu wengi.

Kwanza ni tepe za mwenendo mwema. Waingereza walizianzisha mwaka 1836 kwa askari wa kawaida aliyetumika miaka kadhaa bila kuandikiwa kosa, wakampa na nyongeza ya peni moja kwa siku. Hatimaye tepe hizi zilivaliwa chini ya kiwiko, mkono wa kushoto, ncha juu. Mtu aliweza kuwa nazo kadhaa, akawa bado ni askari wa kawaida asiyeweza kumwamuru mwenziwe hata kuchota maji.

Pili ni tepe za miaka ya vita. Katika vita vya 1914–1918, mwishoni mwake, jeshi la Uingereza lilitoa tepe ndogo za kuvaliwa chini ya kiwiko, mkono wa kuume, ncha juu, kwa utumishi wa ng'ambo. Nyekundu ilikuwa ya yule aliyekwenda kabla ya kwisha mwaka 1914, na za buluu zilihesabu miaka iliyofuata. Zikakomeshwa mwaka 1922. Mwaka 1944 zikaanzishwa tena tepe ndogo nyekundu, mahali pale pale na ncha juu vile vile, kila moja ikihesabu mwaka mmoja wa utumishi tangu vita vilipoanza Septemba 1939.

Tatu ni tepe ya jeraha. Hii haina ncha kabisa. Ni mstari mmoja mfupi ulionyoka, wa rangi ya dhahabu, uliosimama wima chini ya kiwiko, mkono wa kushoto. Ilianzishwa mwaka 1916, na ikarudishwa mwaka 1944. Kila mstari ulikuwa na maana kwamba mwenye nguo hii alijeruhiwa vitani. Ni tepe ndogo kuliko zote, wala hapana amri ndani yake, lakini hapana mtu aliyeitamani.

Ili jambo hili likae vema moyoni, tutoe mfano. Tufanye ya kuwa kijiji kimoja chataka kuandika ubaoni majina ya wazee wake waliokwenda katika vita vya 1939–1945, kila mtu na cheo chake, na kazi ya kuandika imepewa mwalimu. Zaletwa picha tatu. Katika ya kwanza mzee ana tepe nne ndogo chini ya kiwiko, mkono wa kuume, ncha juu. Katika ya pili mzee ana tepe mbili juu ya kiwiko, ncha chini. Katika ya tatu mzee hana ila mstari mmoja uliosimama, chini ya kiwiko cha mkono wa kushoto. Jamaa za wa kwanza wasema, "Wetu aandikwe juu, ana nne." Jamaa za wa tatu wanyamaza kwa aibu, wakidhani ya kuwa mzee wao hakuwa kitu.

Mwalimu ajuaye kusoma atasema hivi: "Mzee wa kwanza alikuwa askari wa kawaida aliyetumika miaka minne ya vita. Mzee wa pili alikuwa koplo, naye aliongoza watu wapata kumi. Mzee wa tatu alikuwa askari wa kawaida, na damu yake ilimwagika." Kwa cheo, wa pili ndiye mkubwa, na hapana mjadala. Lakini hakuna hata mmoja katika watatu anayestahili kudharauliwa. Akiandikwa wa kwanza kuwa sajini meja, yafanyika madhara mawili: koplo amenyang'anywa nafasi yake, na huyo wa kwanza amenyang'anywa sifa yake ya kweli, yaani miaka minne, ikawekwa sifa ya uongo mahali pake. Na yule wa tatu, kama hapana ajuaye kusoma, angepita bila kuonekana kabisa.

Jambo hili si dogo kwa nchi zetu. Katika vita hivyo walikwenda watu zaidi ya 80,000 kutoka Tanganyika peke yake, na wengi kutoka Kenya, Uganda na Nyasaland. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakaingia Madagascar mwaka 1942, wakafika Burma mwaka 1944. Wengi hawakuandika kitabu wala barua iliyohifadhiwa. Kwa baadhi yao, mkono wa shati katika picha ndio maandishi pekee yaliyobaki.

Lazima tuongeze onyo, kwamba kanuni tuliyoieleza ni ya Waingereza. Jeshi jingine lina kanuni yake. Katika Tanganyika, wazee waliokuwa askari wa Wadachi kabla ya mwaka 1918 walivaa tepe nyekundu mkono wa kushoto, ncha chini, na majina ya vyeo vyao yalitoka mbali. Mwaka 1889 Wissmann aliandika mamia ya Wasudani huko Misri na kuwaleta pwani yetu, nao walikuja na majina ya jeshi la Misri, ambayo asili yake ni Kituruki. Tepe moja ilikuwa ya ombasha, neno ambalo maana yake ni mkuu wa watu kumi. Mbili zilikuwa za shaushi, tatu za betshaushi, nne za soli. Juu yao alikuwako efendi, ambaye alivaa nyota begani. Basi tepe mbili za Mdachi zilikuwa za shaushi, ambaye kazi yake yakaribia ya sajini, hali tepe mbili za Mwingereza zilikuwa za koplo. Mwaka 1917 Waingereza walipoiunda upya KAR ya 6, wengi walioingia humo walikuwa askari wa Wadachi wa zamani. Mtu aliweza kuwa na picha mbili, katika majeshi mawili, kwa kanuni mbili. Na lile neno efendi halikufa: ndilo "afande" ambalo askari na polisi wetu hulitumia hata leo.

Vile vile Wamarekani, tangu mwanzo wa karne ya 20, huvaa tepe za amri ncha juu. Mtu akiisoma picha ya Mmarekani kwa kanuni ya Mwingereza atadhani ni tepe za miaka. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, kabla ya kutazama mkono, ni hili: jeshi hili ni la nani, na mwaka gani?

Liko jambo jingine ambalo picha zile zalisema bila maneno. Katika picha za zamani za KAR Waafrika wana tepe na mataji mikononi, na wenye nyota mabegani ni Wazungu. Hayakutokea hivyo kwa bahati. Mwafrika aliweza kupanda kutoka tepe moja hata ngao ya sajini meja, na hapo ngazi ikakatika. Katika vita vya 1939–1945 Waafrika wengine walipewa uafisa mteule na kuongoza platuni, kazi ambayo kwa kawaida ilikuwa ya luteni. Lakini kazi walipewa, nyota hawakupewa. Hadi siku za uhuru zilipokaribia ndipo Waafrika wa nchi zetu walipoanza kuvaa nyota za afisa kamili. Mmoja wao, Mrisho Sarakikya, alifuzu chuo cha Sandhurst huko Uingereza, na mwaka 1964 akawa mkuu wa jeshi la Tanzania. Basi mtu akiona babu yake aliishia kwenye tepe tatu, asidhani ya kuwa akili yake iliishia hapo. Aulize kwanza kama mlango wa mbele ulikuwa wazi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 vikosi vya KAR vilivyokuwa Tanganyika vikawa Tanganyika Rifles, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Taji la mfalme likaondoka katika nguo, zikaja alama za taifa. Lakini tepe zilibaki: moja ya koplo usu, mbili za koplo, tatu za sajini. Afuataye juu ya sajini huitwa hata leo sajinitaji. Mfalme amekwenda, taji limebaki katika jina. Katika polisi pia konstebo hana tepe, koplo ana mbili, na sajini ana tatu.

Mwisho, yapasa kila mwanakijiji ajue mpaka wa tepe. Tepe humpa mtu amri juu ya askari walio chini yake, katika kazi ya jeshi. Haimpi mbuzi wa mtu, wala nafasi ya kwanza kisimani, wala haki ya kumpiga raia. Askari aliye likizoni anayeonyesha mkono wake ili apewe kitu bila kulipa anaionyesha tepe mahali isipokuwa na kazi, na mwenye kijiji aweza kumwambia hivyo kwa adabu, kisha akaandika jina lake, kikosi chake na hesabu ya tepe zake, na kupeleka habari kwa wakubwa wake. Hapo ndipo kujua kusoma kunapofaa, maana mashtaka yasemayo "koplo fulani" husikiwa upesi kuliko yasemayo "askari mmoja mwenye mistari." Na mtu asiye askari avaaye nguo na tepe za jeshi ili kuwahadaa watu ana kosa mbele ya sheria.

Waalimu wanaweza kuchora ubaoni mikono miwili na kuwaonyesha watoto mahali pa kila tepe. Kisha wawaambie waende nyumbani, waombe ruhusa ya wakubwa, watazame picha zilizomo sandukuni, na waandike nyuma yake kwa penseli jina la mzee, jeshi lake na cheo chake, maadamu bado wako watu wanaomkumbuka.